Sakafu ya niru Kigamboni: itie rangi sebule, subiri chumba chenye unga mweupe

Swali: Nimehamia nyumba yangu ya Kigamboni kabla haijakamilika. Sebule, mita 4 kwa 5, na vyumba viwili vimepigwa niru, ile ngozi laini ya saruji juu ya zege, miezi mitano iliyopita. Baraza bado ni jamvi tupu la zege. Hela ya marumaru haipo. Nimeona sakafu za saruji zilizotiwa rangi zikawa na mawingu mawingu kama jiwe, nikazipenda sana. Fundi wangu anasema tumwage tindikali ile ya kusafishia vyoo, tupake oksaidi iliyochanganywa na tina, kisha tumalizie na vanishi ya mbao. Chumba kimoja, kilichopakana na bafu, kinatoa unga mweupe pembeni mwa ukuta. Nina mtoto anayetambaa. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe, na itadumu?

Jibu: Hongera sana dada kwa kuingia kwako. Nyumba inayomaliziwa huku watu wanaishi ndani ina tabu zake, lakini kwa upande wa sakafu ina faida moja kubwa: unaikanyaga kila siku, unajua wapi maji yanatuama na wapi unyayo unahisi ubaridi. Nitazihitaji habari hizo huko mbele.

Nianze na uamuzi. Sebule unaweza kuitia rangi mwenyewe na ikapendeza. Chumba kinachotoa unga mweupe kiache kwanza, tena usikiguse hata kwa nta. Baraza ndiyo bahati yako, kwa sababu haijapigwa niru, na pale kuna njia bora kuliko zote. Mpango wa fundi wako usiufuate. Simdharau hata kidogo. Mtu anayepiga niru ikatulia anaijua saruji. Ila vitu vitatu alivyovitaja, kila kimoja kina kasoro yake, na vikikutana sakafuni mwako utavilipia mara mbili: kuviweka na kuvikwangua.

Kwanza tuelewane kuhusu rangi yenyewe. Rangi ya ukutani, iwe ya maji au ya mafuta, inakaa juu kama shuka. Rangi ninayoizungumzia inapenya. Inaingia kwenye vitundu vya saruji na kubaki humo, ndiyo maana haibanduki. Lakini kwa kuwa inapenya, haifichi kitu. Doa la mafuta litaonekana, kiraka kitaonekana, alama ya mwiko itaonekana, na zile nyufa nyembamba kama nywele zitatokeza kama mishipa ya jani. Wengine tunazipenda. Kama wewe huzipendi, ni heri usubiri marumaru, kwa sababu hakuna rangi ya kupenya itakayozifuta.

Mawingu uliyoyaona huenda yalitokana na rangi ya tindikali ya kiwandani, na hapo ndipo fundi wako alipochanganya mambo. Saruji inaposhikana na maji huacha ndani yake chokaa nyingi. Rangi ya tindikali ni tindikali ya haidrokloriki iliyoyeyushiwa chumvi za madini: chuma, manganizi, shaba. Tindikali inafungua uso wa saruji, zile chumvi zinakutana na chokaa, na rangi inazaliwa palepale ndani ya vitundu. Chuma hutoa kahawia ya asali hadi wekundu wa udongo wa kichuguu. Manganizi hutoa kahawia iliyoiva hadi karibu na weusi. Shaba hutoa kijani chenye buluu. Chokaa haijakaa sawasawa kila mahali, kwa hiyo rangi nayo haitoki sawasawa, na mawingu yanajichora yenyewe. Ndiyo maana hakuna sakafu mbili zinazofanana.

Tindikali ya choo ni tindikali tupu. Haina madini, kwa hiyo haina rangi ya kukupa. Itakachofanya ni kula niru yako, ambayo kwa kawaida ni ngozi ya milimita chache tu juu ya sakafu. Utabaki na mabaka ya mchanga mahali ilipokaa muda mrefu na mng'ao mahali ilipopita haraka, na mabaki ya kloridi yasiposuuzwa yanaendelea kukaa humo, yakisubiri nondo yoyote iliyo karibu. Wapo pia wanaotumia maji ya betri. Hiyo ni tindikali ya salfa, na salfa ni adui wa saruji; usikubali iingie nyumbani kwako kwa kazi hii.

Kuna jambo lingine la hapa kwetu ambalo maelekezo yaliyoandikwa nje hayalitaji. Mfuko wa saruji wa daraja la 32.5, ambao wengi tunaununua kwa kazi za niru na lipu, mara nyingi ni saruji iliyochanganywa. Pamoja na klinka, yaani kiini chenyewe cha saruji, huwa mna mawe ya chokaa yaliyosagwa, au pozolana, yaani majivu ya volkano. Pozolana inaila ile chokaa huru ambayo rangi ya tindikali inaitegemea. Kwa hiyo mtu anaweza kununua rangi nzuri kwa bei kubwa, akafuata kila hatua, na bado ikatoka imefifia. Angalia maandishi ya mfuko kama bado unao: ukikuta CEM II au CEM IV, jua chokaa yako ni pungufu kuliko ya CEM I.

Kuhusu oksaidi ndani ya tina: oksaidi ni unga wa madini na tina ni kiyeyushi. Hakuna gundi hapo. Tina ikishapaa, unga unabaki juu ya niru, na mtoto wako ataamka na magoti mekundu. Na vanishi ya mbao? Imetengenezwa kwa mafuta, wakati saruji ina alkali kali, hasa ikiwa changa. Mafuta yakikutana na alkali hugeuka sabuni. Ndivyo sabuni inavyopikwa. Vanishi itaanza kunata, itakuwa ya njano, kisha itababuka vipandevipande, na chini yake rangi itaondoka nayo.

Sebule yako inataka rangi ya kupenya yenye asili ya maji. Usidhani ni ile rangi ya maji ya ukutani. Dukani taja kuwa ni ya kutia rangi zege au saruji, na uombe kusoma kopo. Ndani yake mna chembe ndogo mno za rangi na gundi kidogo ya akriliki. Haihitaji chokaa, haina moshi wa kukuchoma macho, na unaweza kuijaribu na kuirekebisha. Mawingu hayajichori yenyewe kama kwenye tindikali, lakini utajifunza kuyachora.

Kabla ya kununua chochote, sakafu ifanyiwe vipimo vitatu. Hapa usiruke hata kimoja.

Cha kwanza, igonge. Chukua mpini wa nyundo au kijiti kigumu, pita sebule nzima ukigonga kila hatua. Sehemu iliyoshikana hutoa sauti nzito. Sehemu iliyoachana na zege la chini hulia kama kopo tupu. Hii hutokea sana pale niru ilipopigwa siku nyingi baada ya zege kukauka, au pale fundi aliponyunyiza saruji kavu juu ili kufyonza maji yaliyozidi. Zungushia chaki. Mabaka hayo yakatwe na kuzibwa kabla ya rangi, na ujue kabisa kwamba kiraka kitapokea rangi tofauti na jirani yake. Yakiwa mengi, gharama ya kuyaziba inaweza kukurudisha kwenye hesabu ya marumaru, na hilo ni bora ulijue leo.

Cha pili, dondosha maji. Matone machache sehemu tano au sita za chumba. Niru iliyosuguliwa vizuri kwa mwiko wa chuma inakuwa ngumu na imefunga. Tone litakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Rangi nayo itakaa hivyohivyo. Tone likinywewa ndani ya dakika moja hivi na kuacha doa jeusi, vitundu viko wazi. Nakisia kwako litakaa, kwa hiyo kuna kazi ya msasa, nitaifikia.

Cha tatu ni nailoni. Kata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha ng'ambo, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne pasibaki upenyo. Kiache tangu jioni hadi kesho yake mchana, angalau saa 16. Ukikuta ukungu wa maji chini ya nailoni, au sakafu imegeuka nyeusi kuliko jirani yake, maji yanapanda kutoka ardhini na hakuna rangi wala sila, yaani ile dawa ya kufunga uso wa sakafu, itakayokaa. Fanya sehemu tatu: katikati, karibu na ukuta wa nje, na karibu na mlango wa kuelekea bafuni.

Kipimo hiki nimekifundishwa na hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa sebule moja Mbezi Beach, mwezi Novemba, vuli imeshaanza. Sakafu ilikuwa kavu mkononi, mwenye nyumba alikuwa na sherehe, nami nikaona haya kumwambia asubiri. Nilitia rangi ikatoka vizuri sana, nikafunga kwa sila ya tina. Siku ya nne kona nzima ya upande wa bustani ilikuwa imepauka, nyeupe kama imemwagiwa maziwa, kwa sababu mvuke ulitoka chini ukakuta mlango umefungwa. Nililazimika kuilainisha sila kwa kiyeyushi, kuikwangua, na kurudi Julai kuanza upya kona ile kwa gharama yangu. Kona hiyo mpaka leo haifanani na chumba kilichobaki.

Kwa hiyo, chumba chako kilichopakana na bafu. Ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanapita ndani ya sakafu na ukuta, yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji, kwenye mchanga na ardhini, yanafika juu, yanapaa, na chumvi inabaki. Kuifagia hakusaidii, kesho itarudi. Tafuta maji yanatoka wapi. Inawezekana bafu linavuja: acha kulitumia siku tatu ukaoge kwingine, uone kama unga unapungua. Funga pia koki zote za ndani usiku, ile kuu uiache wazi, usome mita kabla na asubuhi; ikisogea wakati hakuna aliyetumia maji, kuna bomba linavuja. Inawezekana pia nailoni ya chini ya jamvi haikutandikwa, au ilitoboka wakati wa kumwaga zege. Muulize fundi wako kwa upole, kwani ukweli huo una faida kwako kuliko lawama. Na kama mchanga ulikuwa wa ufukweni, chumvi imo ndani ya sakafu yenyewe. Uvujaji ukizibwa, mpe chumba miezi ya kukauka, fagia unga ukiwa mkavu, usiuoshe, kwa sababu maji yanaurudisha ndani. Kisha rudia nailoni.

Kwa wakati wa kazi, ungoje kipupwe. Kati ya Juni na Septemba Dar huwa kavu na hewa inatembea. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usifikirie kabisa. Januari na Februari ni kukavu lakini joto linafanya rangi na sila zikauke kabla hujazisambaza.

Sasa kazi yenyewe. Toa kila kitu sebuleni, na mtoto aende kwa bibi yake siku hizo. Madoa ya rangi ya ukuta na vipande vya lipu kwangua kwa kisu cha fundi rangi. Halafu ondoa mng'ao wa niru kwa msasa namba 80, ukimalizia na namba 120. Mashine ya msasa ya kukodi itakuokoa. Grenda yenye sahani ya msasa inafanya kazi haraka lakini mkono usiozoea huchora miduara, na miduara hiyo itaonekana kwenye rangi milele. Hutafuti kuchimba. Unatafuta uso uliopauka sawasawa, wenye hisia ya chaki mkononi. Vumbi hili lina silika, nayo inaharibu mapafu taratibu bila kurudi nyuma. Vaa barakoa ya chembechembe inayobana usoni, kitambaa hakitoshi, na lowesha sakafu kidogo kila inapowezekana.

Osha kwa maji na sabuni ya kawaida kwa brashi ngumu, piga deki kwa maji safi mara tatu, ukibadilisha maji kila mara. Futa sehemu yoyote kwa kitambaa cheupe kikavu: kikitoka na vumbi, rudia. Acha madirisha wazi siku mbili hadi tatu. Dondosha maji tena. Yakinywewa, umeshafungua mlango.

Kabla ya sebule nzima, tengeneza vipande vya majaribio nyuma ya mlango au mahali kabati litakapokaa. Vitatu, kila kimoja nusu mita: rangi nzito kama ilivyotoka kwenye kopo, rangi iliyoongezwa maji nusu kwa nusu, na nyepesi zaidi. Andika vipimo kwenye karatasi. Kila kipande kimalizie na sila utakayoitumia, maana rangi kavu isiyo na sila huonekana imekufa na inadanganya. Ukitaka picha ya haraka, lowesha kipande kwa maji: rangi unayoiona kikiwa kimelowa iko karibu na utakayoishi nayo. Kaa na majaribio siku mbili, uyaone asubuhi, mchana na usiku chini ya taa. Watu wengi huchagua rangi nzito mno kwa furaha ya siku ya kwanza. Kwa sebule ya mita 20 za mraba yenye dirisha moja au mawili, ningekushauri uanze na kahawia ya asali. Weusi hufanya chumba kipungue, na kila chembe ya mchanga inaonekana.

Lita moja huenea mita za mraba 5 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, kutegemea sakafu inavyokunywa. Kwa mikono miwili sebule yako itahitaji lita 4 hadi 8. Nunua zote siku moja, toleo moja, uzichanganye kwenye ndoo moja kubwa, ili kopo la pili lisije likatofautiana na la kwanza.

Siku ya rangi, amka mapema. Funika chini ya kuta kwa gazeti na ule utepe wa karatasi. Anzia kona ya mbali ukirudi mlangoni. Mkono wa kwanza ni ule mwepesi, pulizia kwa bomba dogo la plastiki au paka kwa brashi pana kwa mwendo wa nane nane, usipake kwa mistari iliyonyooka kwa sababu macho huikamata mistari. Usiache ukingo ukauke ukaenda kunywa chai. Ukingo uliokauka huacha mpaka. Ndiyo maana niru iliyopigwa mistari ya uzi ni neema: unasimama kwenye mstari. Kama yako haina, unaweza kukata mistari ya milimita tatu kwa grenda na kisahani cha almasi, chumba kikagawanyika miraba mikubwa, ila hiyo ifanywe kabla ya kuosha, na mwenye mkono mtulivu.

Mawingu hutoka kwenye mkono wa pili. Mkono wa kwanza ukiwa umeshika lakini bado una unyevu kidogo, chukua sponji la bahari au kitambaa kilichokunjwa ovyo, chovya kwenye rangi nzito, gusa hapa, ruka, gusa pale. Kisha pulizia maji kama ukungu kwa chupa, rangi itatambaa na kingo zitayeyuka. Simama, rudi nyuma hatua tatu, utazame. Panapofanana mno na madoadoa ya chui, futa kwa kitambaa chenye maji kabla hapajakauka. Nimeona wanawake wawili wakiifanya hatua hii vizuri kuliko mafundi wao, kwa sababu walikuwa na subira ya kutazama.

Acha ikauke siku nzima, kisha pitisha kitambaa kikavu. Rangi isiyopenya itatoka. Hiyo usiionee huruma.

Sila ndiyo itakayokanyagwa, rangi haikanyagwi. Kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo utaonyeshwa za aina nyingi. Epoksi ni ngumu sana lakini hugeuka njano inapopigwa na jua, na haiachi mvuke upite. Kwenye ardhi yenye unyevu haifai mpaka uwe na hakika na nailoni yako. Poliyurethani ni imara kwa mikwaruzo, nzuri jikoni, lakini ikichubuka ni vigumu kuiziba mahali pamoja bila alama. Akriliki ya tina inang'aa na kuikoleza rangi vizuri, ila harufu yake na mtoto haviendani. Kwako nachagua akriliki ya maji, mikono miwili au mitatu, myembamba, kwa rola ya manyoya mafupi. Inapumua kidogo, haina harufu ya kuumiza, na ikichakaa unasafisha na kuongeza mkono mwingine bila kukwangua. Kosa la kawaida ni kuimimina nene ili ing'ae haraka. Nene hukauka juu, chini inabaki mbichi, inatoa mapovu na weupe. Paka asubuhi, jua likiwa bado halijaingia dirishani, na kila mkono ukauke kwa muda uliotajwa kwenye kopo. Baada ya wiki, weka nta ya sakafu juu. Nta ndiyo inayopokea mikwaruzo, na kuirudia ni kazi ya jioni moja.

Ukikuta mtu ana rangi halisi ya tindikali na bado moyo wako uko huko, sikukatazi kwa chumba cha pili kilicho kikavu, ila kwa masharti. Zege au niru iwe imetimiza siku 28 na zaidi, jambo ambalo kwako limepita. Bomba la kupulizia liwe la plastiki bila kipande cha chuma. Glavu ndefu, miwani inayofunga, gambuti, madirisha wazi. Ikibidi kupunguza makali, tindikali inamiminwa kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye tindikali. Na pasiwe na dawa ya klorini ya kufulia popote karibu: vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo inaua. Baada ya saa chache, kama kopo linavyoelekeza, mabaki yapozwe kwa maji ya magadi mpaka povu likome, kisha suuza mara nyingi. Kijani cha shaba kikwepe kabisa, maana kwenye unyevu hugeuka cheusi, na Kigamboni unyevu hauishi.

Baraza sasa. Wengi tumekulia kwenye sakafu nyekundu za nyumba za Ilala na Magomeni, zile zilizokuwa zikisuguliwa nta mpaka unaona uso wako. Rangi ile haikupakwa. Ilichanganywa ndani ya niru, na oksaidi ya chuma ni kutu iliyosagwa, jua haliwezi kuifanya chochote kwani imeshamaliza kubadilika. Kwa kuwa jamvi lako bado tupu, fanya hivyo. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kopo: oksaidi asilimia 5 ya uzito wa saruji, yaani kilo 2.5 kwa mfuko wa kilo 50. Zaidi ya hapo rangi haiongezeki sana, na ukipita kilo 5 unga huo laini unadai maji mengi na niru inakuwa dhaifu. Changanya oksaidi na saruji vikiwa vikavu, koleo kwa koleo, mpaka usione mchirizi wowote, ndipo uongeze maji. Maji yawe kipimo kilekile kila ndoo. Ndoo yenye maji mengi hutoa wekundu uliopauka. Mwambie fundi jamvi lilowekwe, plasta ya chini ipigwe, na niru ifuate siku hiyohiyo plasta ikiwa bado changa, ili vishikane kuwa kitu kimoja. Asinyunyize saruji kavu. Weka mteremko wa kutoa mvua nje. Usiifunike magunia kwa kukunjakunja, mikunjo huacha alama. Inyunyizie maji sawasawa asubuhi, mchana na jioni siku saba. Na asiisugue ikawa kioo, maana mvua ikipiga baraza laini mtu ataanguka. Mwishoni apitishe sponji kuacha ukwaru kidogo.

Kuhusu mtoto: sila ya maji ikishakauka unaweza kupita kesho yake kwa miguu mitupu, lakini kwa kutambaa ngoja siku saba, harufu iwe imekwisha kabisa. Samani zirudi baada ya wiki hiyohiyo, miguu yake ikiwa imevalishwa vipande vya kitambaa kizito. Mazulia yenye mgongo wa mpira yasikae mwezi mzima wa kwanza. Weka mkeka wa miguu nje ya mlango na mwingine ndani, kwa sababu mchanga wa Kigamboni kwenye soli ya kiatu ni msasa uleule niliokutajia. Deki iwe ya maji na sabuni laini, kitambaa kimekamuliwa.

Rangi itakayobaki ifunge vizuri kwenye kopo lake, uliandike tarehe na kiwango cha maji ulichoongeza, uliweke kivulini. Utalihitaji chumba kile cha bafuni kitakapokauka.